Kijana achukuliwe lini? Swali lisiloisha Cleveland

Jumamosi ya Januari 6, 2018, katika baridi kali ya kando ya Ziwa Erie, maelfu ya watu walikusanyika nje ya uwanja wa Cleveland Browns, jimbo la Ohio nchini Marekani, wakaanza kuuzunguka kwa miguu. Hapakuwa na kombe la kushangilia. Timu yao ilikuwa imetoka kupoteza mechi zote 16 za msimu. Walivaa kahawia na chungwa, wengine wakiwa na vinyago vya mbwa usoni, na njia yao ilikuwa ya duara kwa makusudi, ili maandamano yenyewe yachore sifuri. Michango iliyochangwa ilipelekwa kwenye benki ya chakula inayowalisha wahitaji wa eneo hilo.

Palikuwa na hasira pale, palikuwa na kicheko, na chini ya vyote palikuwa na tumaini. Kwa kushika mkia, Browns walikuwa wamepata haki ya kuwa wa kwanza kuchagua kati ya vijana wote waliokuwa wakitoka vyuo vikuu mwaka ule. Mji mzima ulijua kinachohitajika. Ulihitaji kwotabeki.

Huku kwetu timu ikishika mkia hushuka daraja, na mwaka unaofuata mashabiki wake huifuata kwenye viwanja vya vumbi. Kwenye NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, hakuna daraja la kushukia. Timu ni 32, zote zinabaki, na kila Aprili hufanyika uteuzi wa wachezaji wapya katika raundi 7. Iliyofanya vibaya kuliko zote huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho. Nafasi ya kuchagua ni mali. Timu inaweza kuibadilisha kwa mchezaji, au kwa nafasi nyingine, hata za miaka ijayo. Kijana kwa kawaida hana sauti katika hilo, anakwenda anakoitwa.

Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza. Ana sekunde mbili au tatu za kuamua: arushe, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe, huku majitu ya kilo mia na ushee yakimjia kumwangusha. Hakuna nafasi katika soka inayolingana na hii kwa uzito. Timu yenye kwotabeki mzuri huweza kuficha udhaifu mwingi, na timu isiyo naye hata ikiwa imejengwa vizuri kila idara hukwama. Ndiyo maana kila timu inayosuasua ina ubishi uleule kuanzia Oktoba, matokeo yanapoanza kuharibika, hadi Aprili: tumchukue kijana sasa, au tujenge kwanza halafu tumchukue timu ikiwa tayari?

Nimechagua kuuangalia ubishi huu kupitia Cleveland kwa sababu hakuna mji ulioulipia gharama kubwa zaidi. Watu wa Cleveland wamejaribu majibu yote. Wamechukua mapema, wamesubiri, wamechukua mzee, wamechukua mwenye jina, wameuza nafasi, wamenunua mtu aliyekwisha kukomaa. Kwa miaka mingi shati moja la Tim Couch lilining'inia kwenye dirisha la ofisi moja mjini humo, chini ya jina la Couch yakiwa yamebandikwa vipande vya utepe, kila kipande na jina la kwotabeki aliyeanza mechi baada yake. Vipande viliongezeka mpaka mgongo wa shati ukajaa.

Na huu si mji uliozoea unyonge tangu zamani. Kati ya 1946 na 1955, Otto Graham akiwa kwotabeki na Paul Brown akiwa kocha, Browns walifika fainali ya ligi yao miaka yote 10, wakatwaa ubingwa mara 7. Walitwaa tena mwaka 1964. Tangu hapo hawajawahi. Hawajafika Super Bowl, fainali ya sasa ya NFL, hata mara moja. Bernie Kosar, kijana wa Ohio aliyefanya mpango ili aangukie Browns mwaka 1985, aliwafikisha mlangoni, na mlangoni ndipo walipoishia. Kisha Novemba 1995 mmiliki, Art Modell, akatangaza kwamba anaihamishia timu Baltimore. Jina na rangi vilibaki Cleveland baada ya mji kupigana, lakini kwa misimu mitatu mji ulikaa bila timu.

Timu iliyorudi mwaka 1999 ilikuwa mpya kabisa, imekusanywa kutokana na wachezaji ambao klabu nyingine hazikuwahitaji. Ikapewa nafasi ya kwanza ya uteuzi, ikamchukua Tim Couch wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Mechi ya kwanza ya kurejea, nyumbani, dhidi ya mahasimu wao Pittsburgh Steelers, walifungwa 43 kwa 0. Couch alikabidhiwa timu mapema kuliko ilivyokusudiwa, akiwa na miaka 22, mbele yake kukiwa na safu ya kukinga isiyomkinga. Msimu ule aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 56. Yeyote aliyewahi kuona mtu wa kilo 130 akimwangukia kwotabeki aliyekuwa anatazama upande mwingine anajua namba hiyo maana yake nini mwilini. Mwaka 2002 hatimaye Couch aliisaidia timu kufika mtoano, lakini alivunjika mguu katika mechi ya mwisho ya msimu, na mechi ya mtoano akaitazama kutoka pembeni.

Mashabiki wa subira husimama hapa na hawatoki. Wanasema Couch hakushindwa, alivunjwavunjwa. Wanaongeza mfano wa David Carr, aliyechukuliwa wa kwanza na Houston Texans mwaka 2002 timu hiyo ilipokuwa inaanza, akaangushwa mara 76 katika msimu wake wa kwanza, idadi ambayo hakuna kwotabeki aliyewahi kuipata kabla yake. Jenga ukuta kwanza, wanasema. Mtoto usimlete nyumba ikiwa haijaezekwa.

Basi Browns wakajenga ukuta. Mwaka 2007, kwa nafasi ya 3, walimchukua Joe Thomas wa Wisconsin, mlinzi wa kushoto, ambaye kazi yake ni kumkinga kwotabeki upande asiouona. Wakati jina lake linaitwa New York yeye alikuwa kwenye mashua Ziwa Michigan anavua samaki na baba yake. Thomas alicheza mashambulizi 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja. Miaka zaidi ya kumi, mvua, theluji, timu ikiwa imeshachapwa pointi 30, yeye yupo. Mwaka 2023 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la futiboli, lililopo Canton, si mbali na Cleveland. Nyuma ya mgongo wake walipita kwotabeki 20 tofauti. Na mechi ya mtoano hakucheza hata moja.

Kwangu huyo ndiye mtu wa kusikitisha kuliko wote katika habari hii, na ndiye anayewanyamazisha watu wa subira. Ukuta ulikuwepo, bora kuliko wa timu nyingi, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kambi ya pili ina methali yake: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na Cleveland wamewakuta wana wengi kwa wenzao. Mwaka 2000, katika raundi ya 6, walimchukua kwotabeki anayeitwa Spergon Wynn kwa nafasi ya 183. Nafasi 16 baadaye New England wakamchukua Tom Brady, aliyekuja kutwaa Super Bowl 7. Hilo halina wa kulaumiwa, kwa kuwa timu zote zilimpita Brady mara nyingi. Linalouma zaidi ni la 2004. Ben Roethlisberger alizaliwa Ohio, akasoma Ohio, na Browns walipofika zamu yao, nafasi ya 6, alikuwa bado hajachukuliwa. Wakachukua mchezaji wa nafasi nyingine. Steelers, wale wale wa 43 kwa 0, wakamwita kwa nafasi ya 11, akawapa ubingwa mara 2, na kwa miaka 18 akawa anakuja Cleveland kila msimu kuwakumbusha.

Kisha ikaja miaka ya hesabu. Mwaka 2016 uongozi mpya, ukiwa na Paul DePodesta aliyejijengea jina katika besiboli kwa kutumia takwimu, uliamua kwamba timu ni mbovu mno kuokolewa na kijana mmoja. Ukaiuza nafasi ya 2 kwa Philadelphia Eagles, nao wakamchukua Carson Wentz. DePodesta alisema hadharani kwamba hawakumwona Wentz kuwa wa kiwango cha kwotabeki 20 bora. Mwaka uliofuata Browns wakauza nafasi ya 12 kwa Houston, nao wakamchukua Deshaun Watson, kwotabeki. Nafasi ya kwanza mwaka huo wa 2017 waliitumia kwa Myles Garrett, mlinzi wa kuwaangusha kwotabeki wa wapinzani, na kwa hilo hawakukosea: ni mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake. Lakini matokeo ya misimu ile miwili ya subira yalikuwa ushindi 1 na vipigo 31.

Februari 4, 2018, wiki nne baada ya yale maandamano ya duara, Eagles walitwaa Super Bowl. Wentz alikuwa ameumia goti na fainali ikachezwa na msaidizi wake, Nick Foles, lakini ni Wentz aliyewaweka kileleni msimu mzima. Hebu fikiria kuitazama fainali ile ukiwa Cleveland.

Siku ya mechi nyumbani, kabla jua halijachomoza vizuri, mashabiki wa Browns hujazana katika eneo la kuegesha magari la manispaa, karibu na ziwa, linaloitwa Muni Lot. Milango ya nyuma ya magari hufunguliwa, majiko ya mkaa na gesi huwashwa, soseji zinachomwa, kuna basi la zamani la shule lililopakwa chungwa, kuna baba na mtoto wanarushiana mpira katikati ya magari. Pale ndipo ubishi huu unapoishi. Watu waliokuja na babu zao utotoni sasa wanabishana na wajukuu.

Na ndani ya ubishi huo kuna swali moja linalouma kuliko mengine, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: je, ni halali kuiombea timu yako ifungwe? Ikifika Desemba na msimu umeshakufa, kila ushindi unaisogeza timu mbali na nafasi ya kwanza. Wapo wanaosema ni ujinga kushangilia ushindi wa namna hiyo. Mwaka 2020 New York Jets walikuwa wamepoteza mechi 13 za mwanzo, na kila mtu alijua wa kwanza kuchaguliwa atakuwa Trevor Lawrence. Wakashinda mbili kabla ya msimu kwisha, moja dhidi ya Rams na nyingine dhidi ya Browns wenyewe. Lawrence akaenda Jacksonville. Jets wakamchukua Zach Wilson, na hakudumu.

Mimi siwezi kuwa wa kambi hiyo, na sababu yangu ni Desemba 24, 2016. Browns walikuwa wamepoteza mechi 14 mfululizo. Mkesha wa Krismasi, uwanja ukiwa na viti vingi vitupu, waliwakaribisha San Diego Chargers. Walikuwa wakiongoza 20 kwa 17 dakika za mwisho, Chargers wakapata mkwaju wa kusawazisha, na Jamie Meder, mtoto wa Ohio aliyesoma chuo kidogo cha hapohapo, akanyoosha mikono akauzuia. Chargers wakapata nafasi nyingine saa ikiwa inaishia, mpira ukapita nje ya nguzo. Ukitazama picha za watu waliokuwa jukwaani unaona watu wazima wanalia na kukumbatiana na wasiowajua. Kwa mantiki ya nafasi ya uteuzi, walipaswa kununa. Hakuna aliyenuna. Na nafasi ya kwanza waliipata vilevile.

Hoja ya fedha nayo ipo, na ni nzito kuliko mashabiki wengi wanavyopenda kukiri. Tangu makubaliano ya 2011 kati ya ligi na wachezaji, mshahara wa kijana wa uteuzi umewekewa viwango. Kabla yake, Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alipata mkataba wa dola milioni 78 kwa miaka 6. Miaka minane baadaye, Baker Mayfield, naye wa kwanza, alipata takriban milioni 33 kwa miaka 4. Kwa kuwa kila timu ina kikomo cha jumla ya mishahara, kwotabeki mzuri aliye kwenye mkataba wake wa kwanza huiachia timu fedha za kuwanunua wengine. Miaka hiyo minne ni adimu. Ukimchukua timu ikiwa mbovu, unaitumia kwa kujenga. Ukimchukua timu ikiwa tayari, kama Kansas City walivyofanya kwa Patrick Mahomes mwaka 2017, unavuna. Mahomes alikaa msimu mzima nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu, na alipokabidhiwa timu hakuangalia nyuma.

Watu wa subira hupenda sana mfano wa Mahomes. Wanachosahau kuutaja ni Andy Reid. Kocha aliyetaka Mahomes achukuliwe ndiye aliyemfundisha, na ndiye anayemfundisha mpaka leo.

Hapa ndipo ninapoona kambi zote mbili zinabishania kitu kisichohusika sana. Pitia orodha ya Cleveland tena, safari hii usitazame majina ya vijana, tazama majina ya waliowachukua. Couch alichukuliwa chini ya kocha Chris Palmer, aliyefukuzwa baada ya misimu miwili. Brady Quinn, mwana wa Ohio aliyechukuliwa kwa nafasi ya 22 mwaka 2007, alianza mechi yake ya kwanza Novemba 2008, na mwaka ulipokwisha kocha na meneja mkuu waliomchagua wote walikuwa wametimuliwa. Brandon Weeden alichukuliwa mwaka 2012, tena kwa nafasi ya 22, akiwa na miaka 28, umri ambao wengine wanakuwa wameshacheza misimu sita. Mechi yake ya kwanza kabisa alinaswa chini ya bendera kubwa ya taifa iliyotandazwa uwanjani kabla ya mpira kuanza, akahangaika kutoka, kisha pasi zake 4 zikanaswa na timu ikafungwa kwa pointi moja. Watu walicheka wiki nzima. Lililomharibia zaidi halikuwa la kuchekesha: klabu ilikuwa imeuzwa kwa Jimmy Haslam, na msimu ulipoisha kocha na meneja wake wakaondoka. Waliokuja hawakumtaka, na hawakuficha.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya Johnny Manziel, nafasi ya 22 kwa mara ya tatu. Alikuja na umaarufu mkubwa na ugonjwa wa ulevi ambao ulihitaji tiba, na alitibiwa, lakini kufikia Machi 2016 alikuwa nje ya timu. Kocha wake na meneja wake walikuwa wameshatangulia mlangoni.

Hata Mayfield, aliyepatikana kwa nafasi ya msimu wa yale maandamano, ushahidi wake ni huohuo. Alichukuliwa wa kwanza Aprili 2018, kocha akiwa Hue Jackson, aliyekuwa ameahidi kujitosa ziwani kama timu ingerudia msimu mbovu, na Juni ile akatimiza ahadi, akaingia Ziwa Erie na nguo zake. Septemba 20, dhidi ya Jets, kwotabeki aliyeanza, Tyrod Taylor, aliumia, Mayfield akaingia timu ikiwa nyuma kwa pointi 14, akaigeuza mechi, 21 kwa 17. Ulikuwa ushindi wa kwanza katika siku 635, tangu ule mkesha wa Krismasi. Katika baa za Cleveland palikuwa na friji za bia zilizofungwa kwa minyororo na kampuni ya bia, zifunguke siku Browns watakaposhinda. Usiku ule zikafunguka.

Mwezi mmoja na siku chache baadaye Jackson alifukuzwa. Akakaimu Gregg Williams. Mwaka 2019 akaja Freddie Kitchens, akafukuzwa baada ya msimu mmoja. Mayfield alikuwa na makocha wakuu watatu kabla hajamaliza mwaka wake wa pili, na alicheza kama mtu anayefundishwa lugha mpya kila baada ya miezi. Mwaka 2020 akaja Kevin Stefanski, Mayfield akatengenezewa safu imara ya kukinga, na kijana yuleyule aliyekuwa anaitwa ameshindwa akashinda mechi 11. Januari 2021 waliifunga Pittsburgh, nyumbani kwa Pittsburgh, 48 kwa 37. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano tangu msimu wa 1994.

Hilo lilikuwa jibu. Lilikuwa mkononi. Msimu uliofuata Mayfield alicheza akiwa ameumia bega, timu ikayumba, na Machi 2022 uongozi ukaona umepata njia ya mkato. Wakawapa Houston nafasi za raundi ya kwanza za miaka mitatu na nyingine juu yake ili wampate Watson, yule yule ambaye mwaka 2017 nafasi yake waliiuza. Wakampa mkataba wa dola milioni 230 kwa miaka 5, zote zikiwa na dhamana. Wakati huo zaidi ya wanawake 20 walikuwa wamemfungulia mashauri ya madai wakimtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono. Yeye alikana, na mabaraza mawili ya mahakama Texas (grand jury) hayakumfungulia mashitaka ya jinai, lakini ligi ilimfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Mashabiki wengi wa Cleveland walijibu kwa kutuma michango kwenye kituo cha mji kinachowahudumia waliobakwa. Mimi nadhani ubishi wa uteuzi ulifika mwisho wake pale kwa watu wengi, kwa sababu klabu ilikuwa imewaomba waweke pembeni kitu ambacho hakiwekwi pembeni.

Na uwanjani hakikurudi chochote cha maana. Januari 2024 Browns walifika mtoano, lakini aliyewafikisha ni Joe Flacco, mwenye miaka 38, aliyeokotwa nyumbani kwake katikati ya msimu baada ya Watson kuumia. Walitolewa na nani? Houston, 45 kwa 14. Houston walikuwa wamemchukua C.J. Stroud, kijana wa Chuo Kikuu cha Ohio State, na walikuwa na Will Anderson, waliyempata kwa kutumia moja ya nafasi walizopewa na Cleveland. Mayfield yeye alikuwa Tampa Bay, anacheza mtoano na timu yake mpya, wiki ileile.

Oktoba 2024 Watson alikatika mshipa wa kisigino mbele ya mashabiki wa nyumbani, na baadhi yao wakashangilia. Jameis Winston, kwotabeki mwenzake, na Garrett waliwakemea waziwazi baada ya mechi. Walikuwa na haki ya kukemea. Machungu ya robo karne hayampi mtu ruhusa ya kushangilia mwenzake akiwa ameanguka.

Aprili 2025 Browns walikuwa na nafasi ya 2. Wakairudisha hadi ya 5 kwa kubadilishana na Jacksonville, wakapata nyongeza ya nafasi ya raundi ya kwanza ya 2026, kisha wakachukua kwotabeki wawili kwa bei rahisi: Dillon Gabriel raundi ya 3 na Shedeur Sanders raundi ya 5. Yaani walichukua na walisubiri kwa pamoja, na Muni Lot ikagawanyika upya, wa Gabriel huku, wa Sanders kule. Sanders alianza mechi 7 za mwisho za msimu, akashinda 3. Timu ikamaliza na ushindi 5 na vipigo 12, na Januari 2026 Stefanski, aliyetangazwa kocha bora wa mwaka wa ligi nzima mara mbili, akafukuzwa. Akaletwa Todd Monken.

Sanders basi, baada ya mechi 7, anaanza upya na kocha ambaye hakumchagua. Huenda ni mzuri, huenda si mzuri. Kwa utaratibu huu hatutajua, kama ambavyo hatukujua kuhusu Quinn wala Couch. Mashabiki wanaopigia redio simu wanataka kuambiwa kama kwotabeki achukuliwe mwaka huu au mwakani. Ningekuwa na simu mkononi ningemuuliza Haslam kitu kingine: kocha atakayemchagua kijana huyo, umeapa kumwacha misimu mingapi, hata wakishinda mechi tatu tu?